Skrubu Iliyoshikwa na Kutu: Kuifungua Bila Kuivunja

Skrubu iliyoshikwa na kutu haizuiwi tena na mkono ulioikaza. Inazuiwa na kutu yenyewe, iliyojaa katika nafasi finyu kati ya hesi zake na hesi za tundu. Anayeivamia kwa nguvu hushindana na kitu kigumu kilichozaliwa baada ya skrubu kukazwa, na mara nyingi kinachosalimu amri kwanza ni kichwa cha skrubu. Kichwa kikishalika, bisibisi haina pa kushika, na kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya siku nzima. Kanuni ya kazi hii inatoka hapo: kutu huvunjwa kwanza, kuzungusha hufuata, na kichwa hulindwa mwanzo hadi mwisho.

Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, tatizo hili linajulikana karibu katika kila ua. Mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kiangazi ni kifupi, takriban kuanzia Juni hadi Agosti. Baiskeli na pikipiki ndizo zinazobeba mpunga, mihogo, mawese na abiria kwenye barabara za udongo. Mashine za kukoboa mpunga hutikisika kutwa katika vumbi la pumba, na pampu za wachimbaji dhahabu wa Kabambare hushinda kwenye maji ya matope. Nyumbani kuna bawaba za milango, makomeo na cherehani. Vipuri hutoka mbali, kwa hiyo skrubu moja ikikatikia ndani ya injini inaweza kulaza pikipiki kwa siku kadhaa. Tena nyumba nyingi hazina umeme wa kuendesha keekee ya mota. Mbinu zinazofaa ni zile za mkono, mafuta na moto.

Skrubu ina majina mengi kwa sababu ilipita mikononi mwa watu wengi. Kamusi za Kiswahili cha pwani zina neno parafujo, lenye asili ya Kireno. Tanzania na Kenya husema skrubu, kutoka Kiingereza. Kasongo ilipokea Kiswahili pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kisha Kifaransa kikaja na utawala wa Wabelgiji. Ndiyo maana fundi wa huko husema visi, na bisibisi huiita turnevisi. Bolti kwake ni bulo, nati ni ekru, spana ni kle. Tofauti hizo hazina madhara, isipokuwa moja. Dar es Salaam au Nairobi, petroli ni mafuta ya gari yanayowaka kwa cheche moja. Nchini Kongo, petroli ni mafuta ya taa, na yale ya gari huitwa esansi. Dizeli ni mazutu. Anayepokea maelekezo kutoka upande wa pili wa mpaka bila kuuliza maana anaweza kumwaga esansi karibu na moto. Katika makala haya, mafuta ya taa yanaitwa mafuta ya taa, na esansi haitumiki kabisa.

Jinsi kutu inavyobana

Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji. Unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 60, utando wa maji usioonekana kwa macho hukaa juu ya chuma, na kutu huanza hata kama mvua haijakigusa. Matope, jasho na chumvi huiharakisha.

Kutu hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi 6 kulingana na aina yake. Juu ya jembe lililosahaulika shambani jambo hilo halina neno, kwa kuwa kutu huvimba kuelekea nje na kubanduka magamba. Ndani ya hesi haina pa kuvimbia. Husukuma chuma pande zote mbili na kubana kama kabari iliyopigwa.

Mbano huo unaongezwa juu ya msuguano ambao tangu awali haukuwa mdogo. Hata bolti mpya inapokazwa, karibu asilimia 90 ya nguvu ya mkono humezwa na msuguano, mwingine chini ya kichwa na mwingine kwenye hesi. Sehemu ndogo iliyobaki, kama asilimia 10, ndiyo inayobana vitu viwili pamoja. Kwa hiyo mafuta yanapaswa kufika mahali pawili, chini ya kichwa na ndani ya hesi.

Si kila skrubu iliyoganda imegandishwa na kutu ya chuma kwa chuma. Pikipiki nyingi zina vifuniko vya injini vya alumini vilivyofungwa kwa skrubu za chuma. Metali mbili tofauti zikikutana na maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo: alumini huliwa, na unga mweupe unaotokea hujaza hesi. Kwenye mlango wa mbao hali ni nyingine tena. Mbao hufyonza unyevu na kuvimba wakati wa mvua, hivyo huikumbatia skrubu kwa nguvu. Miti yenye tanini nyingi hutia weusi kuzunguka chuma, na weusi huo ni dalili kwamba kutu imekwisha kuingia ndani ya mbao.

Kuchunguza kabla ya kugusa

Kwanza huangaliwa aina ya kichwa. Skrubu za cherehani na vitasa vya zamani huwa na mfuo mmoja. Nyingi za vifaa vya kisasa zina msalaba, kichwa kilichosambaa baada ya Mmarekani Henry F. Phillips kupata hataza mwaka 1936. Kuta za msalaba huo zina mteremko, na nguvu ikizidi huisukuma bisibisi nje. Kiwandani sifa hiyo haikuwa tatizo, maana skrubu zilikuwa mpya. Kwenye skrubu yenye kutu, kila bisibisi inaporuka hukwangua sehemu ya kichwa, na baada ya mara tatu au nne msalaba hugeuka shimo la duara.

Pili ni upande wa kuzungusha. Skrubu nyingi hukazwa kuelekea kulia, mwendo wa mshale wa saa, na kufunguliwa kuelekea kushoto. Baiskeli ina kinyume chake muhimu. Pedali ya kulia hufuata kanuni hiyo, lakini ya kushoto imechongwa hesi za kinyume kwa makusudi, ili mzunguko wa safari usiifungue wenyewe. Pedali ya kushoto ikigoma, jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba haikazwi badala ya kufunguliwa.

Tatu ni kilicho nyuma. Ikiwa skrubu imepenya hadi upande wa pili, ncha yake pia husafishwa na kupakwa mafuta, kwa sababu kutu iliyo kwenye ncha hulazimika kupita ndani ya hesi wakati wa kutoka. Tangi la mafuta, mpira, plastiki au waya vilivyo jirani huamua mapema kama moto utaruhusiwa.

Kusafisha, mafuta na muda

Kutu ya nje huondolewa kwa brashi ya waya. Mfuo au msalaba huchokolewa kwa sindano nene au kipande cha msumeno wa chuma hadi chini kabisa, kwa kuwa uchafu uliobaki humo huizuia bisibisi kuzama. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayookoa vichwa vingi kuliko nyingine zote.

Mafuta mazuri ya kupenya ni yale mepesi yanayotambaa kwenye ufa mwembamba. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha mafuta ya injini hufaa: ya kwanza hupenya, ya pili hubaki kulainisha. Dizeli nayo husaidia. Mafuta ya kopo la kupuliza hupatikana kwenye maduka ya vipuri, na yanayojulikana zaidi ni WD-40, yaliyotengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa kusudi la kufukuza maji juu ya chuma. Mawese, ingawa yapo karibu katika kila nyumba ya Maniema, hayafai kazi hii. Ni mazito, huganda hewa ikipoa, na asidi iliyomo hasa katika mawese ya kukamua kwa mkono hushambulia chuma polepole na kuacha utando wa kunata.

Mafuta huhitaji muda. Saa moja ni kidogo. Usiku mzima ni bora, na skrubu mbaya hupewa siku mbili au tatu, ikiongezwa mafuta asubuhi na jioni. Kifaa kinachoweza kugeuzwa huwekwa ili kichwa kielekee juu na mafuta yateremke kwa uzito wake. Kichwa kikiwa ukutani au ubavuni, kitambaa kilicholowa huzungushwa na kufungwa juu yake, au udongo wa mfinyanzi hufinyangwa kama kikombe kidogo kuzunguka kichwa na kujazwa mafuta. Kwenye mbao mafuta husaidia kidogo tu, kwa sababu mbao huyanywa kabla hayajafika kwenye hesi.

Kwa vipande vidogo vinavyoweza kutolewa pamoja na skrubu yake, maji ya ndimu au siki huyeyusha kutu vikilowekwa kwa siku nzima. Baadaye huoshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta mara moja, la sivyo kutu mpya huanza siku hiyo hiyo. Maji ya betri hayatumiki. Ni asidi kali inayounguza ngozi na macho, na hula chuma kizima pamoja na kutu.

Nyundo kabla ya bisibisi

Kutu ni ngumu lakini haipindiki, hupasuka. Kwa hiyo mishtuko mifupi huiweza kuliko nguvu ndefu. Bisibisi imara, ambayo chuma chake kimepita hadi mwisho wa mpini, huwekwa kwenye mfuo na kugongwa kwa nyundo mara kumi au zaidi, kwa kiasi, wima kabisa. Kila pigo hutikisa hesi, hufungua nyufa nyembamba katika kutu, na mafuta huingia humo. Kisha mafuta huongezwa na skrubu huachwa tena. Kwenye alumini na vyuma vya kusubu mapigo hupunguzwa, maana metali hizo hupasuka.

Mafundi wengi wa pikipiki wana bisibisi ya kupigwa nyundo: bomba zito ambalo kila likipigwa hugeuza pigo kuwa msokoto mfupi, huku likiishindilia ncha ndani ya kichwa. Kwa skrubu za msalaba za vifuniko vya injini hakuna kifaa cha mkono kinachoishinda. Asiyekuwa nayo huiazima kwa fundi kabla ya kuharibu kichwa, si baada yake.

Kuzungusha

Bisibisi inayofaa hujaza mfuo kwa upana na kwa unene. Ncha nyembamba hutafuna kingo, na iliyochakaa kwa kutumika kama patasi hunolewa kwa tupa hadi iwe bapa tena. Mtu huisukuma kwa uzito wa mwili, kwa mstari mmoja na skrubu, na kuizungusha polepole. Ikiwa shina la bisibisi ni la pembe nne au sita, mkono mmoja hushindilia na mwingine huzungusha kwa spana iliyoshikishwa shinani.

Mzunguko wa kwanza huwa wa kukaza, kidogo sana. Mtikisiko huo wa kurudi nyuma huvunja kutu upande ambao haujachoka, na mara nyingi mlio mfupi mkali husikika: ni dalili kwamba mshiko umeachia. Kuanzia hapo skrubu hufunguliwa robo mzunguko, hurudishwa kidogo, huongezwa mafuta, hufunguliwa tena. Kuitoa kwa mkupuo mmoja hukusanya unga wa kutu mbele ya hesi, na huo huibana upya ikiwa nusu njia.

Bomba la kurefusha spana hutumika kwa uangalifu. Bolti ya kawaida ya milimita 6 hukazwa kwa msokoto unaolingana na uzito wa kilo 5 kwenye mpini wa sentimita 20. Kilo 20 kwenye bomba la sentimita 60 ni mara 12 ya msokoto huo, na bolti hukatika muda mrefu kabla ya kufika hapo. Mkono unaohisi skrubu inajisokota kama mpira, bila mlio na bila kuachia, unapaswa kusimama. Huo ni ulaini wa chuma kinachokaribia kukatika.

Moto

Mafuta na nyundo vikishindwa, joto hufuata. Chuma hutanuka kinapopashwa, na mshtuko wa kutanuka na kusinyaa huvunja kutu. Kipimo chake ni kidogo: tundu la milimita 10 likipashwa kwa nyuzi 300 hupanuka kama milimita 0.036, karibu nusu ya unene wa unywele. Kiasi hicho hutosha. Kwenye nati, moto huelekezwa kwenye nati na si kwenye bolti, ili tundu litanuke kuliko kilichomo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo maji yanayochemka yakimwagwa kwenye kifuniko cha pikipiki hufungua skrubu ambazo nyundo imezishindwa, na maji hayaleti hatari ya kuwasha tangi.

Kwa skrubu ya mlango, fimbo ya chuma hupashwa kwenye jiko la makaa hadi iwe nyekundu, kisha hushikizwa kwenye kichwa kwa dakika moja au mbili. Skrubu hutanuka na kuzikandamiza mbao zinazoizunguka. Ikipoa husinyaa na kuacha nafasi. Mhunzi mwenye mivukuto hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, hasa kwa bawaba nzito iliyotolewa pamoja na ubao wake. Chuma kikiwa bado cha moto, mshumaa au nta ya nyuki huguswa kwenye ukingo wa hesi. Nta huyeyuka, hunywewa ndani ya ufa na kulainisha mahali ambapo mafuta hayakufika.

Moto una masharti. Mafuta yaliyopakwa hufutwa kwanza, kwa kuwa yanaweza kuwaka. Pikipiki hutolewa tangi, au huachwa bila moto kabisa. Chuma kilichopakwa zinki, kama mabati na misumari yake, hakipashwi hadi kiwe chekundu ndani ya chumba, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa na maumivu ya kifua. Macho hukingwa katika hatua zote za nyundo na moto, maana vigamba vya kutu huruka.

Kichwa kikishalika

Kichwa kilicholika bado kina njia kadhaa, na hufuatwa kuanzia iliyo laini. Kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli huwekwa kati ya bisibisi na kichwa. Hujaza mashimo na mara nyingine hutosha. Kichwa kilichojitokeza hushikwa kwa koleo la kujifunga. Msumeno wa chuma huchonga mfuo mpya, wa kina, unaoingiza bisibisi bapa. Tindo lililonolewa huwekwa kwenye ukingo wa kichwa kwa mshazari na kugongwa kuelekea upande wa kufungua, na hivyo huunganisha mshtuko na mzunguko.

Fundi wa kuchomelea mwenye jenereta anaweza kuchomelea nati juu ya kichwa au juu ya kisiki kilichokatika. Njia hii ina faida mbili: nati hutoa pa kushika spana, na joto la uchomeleaji hupasua kutu wakati huo huo.

La mwisho ni kutoboa. Kitovu cha skrubu hupigwa alama kwa msumari mgumu ili keekee isiteleze, kisha hutobolewa kwa ncha ndogo na kupanuliwa kwa hatua. Kwa bolti ya milimita 6, ncha ya milimita 5 huondoa kiini na kuacha hesi za tundu. Kwa ya milimita 8, ncha ni ya milimita 6.8. Mabaki ya hesi huvutwa kwa ncha kali kama waya uliojiviringa. Kutoboa nje ya kitovu huharibu tundu lenyewe, na katika kifuniko cha alumini hasara yake ni kubwa kuliko ya skrubu.

Baada ya kufunguka

Tundu husafishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, na bolti nzima ya saizi hiyo huingizwa na kutolewa kwa mkono ili kuondoa kutu iliyobaki. Skrubu iliyoliwa haifai kurudishwa. Mpya hupakwa gresi kwenye hesi na chini ya kichwa. Inayoingia mbaoni hupakwa nta ya mshumaa au sabuni kavu, ingawa nta hudumu zaidi, kwa sababu sabuni hunywa unyevu. Kwa kuwa gresi hupunguza msuguano, skrubu iliyopakwa hukazwa kwa mkono mwepesi kuliko kavu.

Kinga ina majira yake. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, pedali, nati za magurudumu, skrubu za kinga ya mnyororo na bawaba za mlango wa nje hulegezwa mzunguko mmoja mmoja, hupakwa gresi na kukazwa tena. Wakati huo mbao zimekauka, matope hayapo, na skrubu ambayo kutu imeanza kuigusa bado hufunguka kwa bisibisi ya kawaida.